Pumzi ya Spika

Yadi, 6 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua hii anakuletea dereva wa lori la nyaya. Simu zetu zote Tajiri wetu amezifungia ofisini. Anasema kuna mtu wa ndani anayewapa wezi habari za mizigo, na kwa kuwa hajui ni nani, tunashukiwa wote.

Wezi wenyewe walikuja Jumanne asubuhi, lori likiwa linashusha. Walikuwa watatu, mmoja ana panga. Mlinzi mmoja alikatwa mkononi alipokuwa anajikinga uso. Panga lilipoinuka mara ya pili, Spika alikuwa ameshamdaka mwenye nalo kwenye paja. Alimwangusha, akamburuta mpaka kwenye mtaro. Wenzake wakawa wanamvuta huku, mbwa anavuta kule, na nyama ndiyo iliyoachia kwanza. Walimtupa kwenye pikipiki kama gunia wakaondoka naye. Damu tuliisafisha kwa dizeli, maji yalikuwa yanaisambaza tu.

Spika ni yule mbwa wangu mkubwa mweusi. Sasa ni mzee, mdomo umeota mvi. Tangu joto lianze, sauti yake imekuwa nzito na ya kukwaruza, kama mtu anayeburuta bati kwenye saruji. Yadi nzima imefurahi. Hapa kwetu mbwa akianza kubweka hivyo wanasema amekomaa. Mbwa aliyekomaa anahamishiwa geti la mbele, anavalishwa mnyororo mpana shingoni, na anayemtunza anapongezwa kama amepata mtoto. Kocha, yule anayefundisha mbwa wetu, alimshika kidevu akasema, "Huyu sasa ni baba mwenye nyumba. Mwizi akimsikia anajikojolea kabla hajaliona geti."

Nauliza jambo dogo tu. Akinywa maji anakohoa. Akipanda ngazi za stoo anavuta hewa kwa mlio, kama pampu ya baiskeli iliyopasuka. Kocha anasema ni mfupa umemkwama. Nimemwingiza mkono kooni, sikuona mfupa. Wewe ndiye daktari wa wanyama kwenye ukoo huu, sisi wengine kazi yetu ni kuumwa nao. Nimpe nini?

Mwandiko ni mbaya kwa sababu naandikia kwenye bodi ya lori.

Mdogo wako


Kliniki, 11 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mbwa wako hajakomaa. Anakabwa, na kinachomkaba kiko ndani ya koo lake.

Kwenye kikoromeo kuna vipande viwili vya gegedu vinavyofunguka kila mbwa anapovuta hewa, kama milango ya duka. Kwa mbwa wakubwa waliozeeka, mishipa ya fahamu inayovuta milango hiyo hufa polepole, nayo hubaki imening'inia katikati ya njia. Sauti inakwaruza kwa sababu hiyo. Maji yanapita pasipo pake kwa sababu hiyo. Weka sikio usikilize: mlio ni wa kuingiza hewa au wa kuitoa? Ukiwa wa kuingiza, sina shaka. Ubaya wake ni kwamba kadiri mbwa anavyovuta kwa nguvu, ndivyo milango inavyofyonzwa na kufungana. Anaweza kuishi hivyo miezi, akila na kutikisa mkia, halafu akafa kwa mbio moja au kwa mchana mmoja wa jua kali.

Mnyororo utoke shingoni leo. Mfungie mkanda wa kifuani, usioligusa koo kabisa. Akae kivulini, penye upepo, na asikasirishwe. Kubweka kwenyewe ni hatari kwake. Getini ndipo mahali pabaya kuliko pote mlipoweza kumweka.

Akizidiwa utamjua. Atanyoosha shingo, atatanua viwiko nje, hatakubali kulala ubavu. Mfunue mdomo uangalie fizi. Zikiwa za waridi una muda. Zikigeuka rangi ya zambarau au kijivu, huna. Mvute ulimi mbele, mloweshe tumbo na makwapa kwa maji ya kawaida, mpepee, ongea naye polepole, fukuza watu. Na mtu yeyote asimmiminie maji mdomoni. Huko ni kumzamisha akiwa nchi kavu.

Dawa ya kunywa ya kumponya haipo. Kuna upasuaji: ninaushona mlango mmoja ubaki wazi. Nimeshaufanya kwa mbwa wengine. Wengi wamepona, si wote.

Halafu, huyo mlinzi aliyekatwa mkono ni nani, na ameshonwa na nani? Mimi pia nimewahi kuandikia kwenye bodi ya lori. Haifanyi herufi zilalie upande wa kushoto.

Dada


Yadi, 19 Februari

Dada,

Mlio ni wa kuingiza.

Barua yako nilimsomea Kocha wakati wa chai, mbele ya watu. Hapo nilikosea. Mtu ukimwambia jambo kama hilo mbele ya watu, analazimika kuwajibu watu, si wewe. Akasema, "Kumbe dada mtu anataka mbwa abweke kama anaomba chumvi kwa jirani." Funguo, mlinzi wa geti, alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Kisha Kocha akasema basi tumpime.

Kumpima ni hivi. Mtu anajifunga mkononi gunia lililojaa matambara, anakimbia, mbwa anafunguliwa. Jua lilikuwa utosini. Spika alimdaka mtu wa gunia, akamwangusha. Kocha akasema tena. Akamdaka tena. Safari iliyofuata alifika nusu ya njia, miguu ya nyuma ikamwachia, akaanguka kifudifudi. Shingo mbele, viwiko nje, kama ulivyoandika. Kifua kinafanya kazi na hewa haiingii. Kocha akampiga teke la mbavu. "Inuka wewe, mwigizaji." Akampiga la pili. Nilimvuta shati, akanipiga kibao cha sikio, nami nikampiga kichwa cha pua. Najua ni mkubwa kwangu, usinihubirie. Watu wawili wakanishika. Mwingine akaja na ndoo, kwa huruma kabisa, akaanza kummiminia mbwa maji mdomoni. Nilimng'ata aliyenishika mpaka akaniachia, nikaipiga ndoo teke, nikafungua mnyororo.

Fizi zilikuwa zambarau. Nilimvuta ulimi kwa kitambaa, nikamlowesha tumbo, Funguo akampepea kwa kipande cha boksi huku bado ana chai kwenye shati. Nilimwambia Spika upuuzi uleule ambao mama alikuwa akituambia tukiwa na homa. Ikawa kimya, kisha ule mlio ukarudi, kisha rangi nayo ikarudi kidogokidogo. Sijawahi kufurahi kusikia kelele mbaya kiasi kile.

Kocha alisimama anaangalia, damu ya pua imemfika kidevuni. Jioni akasema mbwa atabaki getini mpaka Tajiri apate mwingine. Wezi wanaijua sauti yake, na kinacholinda yadi ni sauti. Nimemshonea mkanda wa kifuani kwa utepe wa kufungia mizigo. Mnyororo nimeutumbukiza kwenye tangi la maji machafu, wautafute.

Jana mtu alipita nje ya ukuta akapaza sauti: mwenye mguu mbovu anamsalimia anayekoroma, aambiwe atakuja kumtembelea. Ni yule aliyeumwa paja. Kwa hiyo hajafa.

Aliyekatwa mkono anaendelea vizuri.

Mdogo wako


Kliniki, 24 Februari

Mdogo wangu,

Dereva ameniambia yote. Ni mkono wako wa kulia, umeshonwa na mpishi wa yadi kwa uzi wa viatu, na bila Spika panga la pili lingekuwa la shingo. Ungeniambia mwenyewe. Sikulaumu kwa kukatwa, nakulaumu kwa bodi ya lori.

Sasa nimeelewa kwa nini mbwa huyu si wa kuachwa. Dereva atamleta Jumamosi. Chumba cha upasuaji nimekiandaa na oksijeni ipo. Mpaka siku hiyo mtoe getini. Omba ruhusa ukipewa, usipopewa mtoe vilevile. Mfunge penye kivuli na asimwone mtu yeyote wa kumkasirisha. Wakikuuliza, sema umeagizwa na daktari.

Ule mkono uoshe kwa maji ya chumvi, yaliyochemshwa. Vidole vikianza kufa ganzi nenda hospitali, si kwa mpishi.

Dada


Hospitali, 4 Machi

Daktari,

Hatujaonana. Mimi ndiye Kocha. Nimewekwa mrija ubavuni na kuongea kunanichoma, ndiyo maana naandika.

Wezi walirudi Alhamisi mchana. Walikuja na pikapu, wakaling'oa geti kwa kurudi nalo kinyumenyume. Asubuhi ile ndugu yako alikuwa amemwondoa Spika getini bila ruhusa yangu, akamfunga nyuma ya stoo. Getini alibaki mbwa mdogo ambaye sauti yake haimwamshi hata mtoto. Walimpasua kichwa kwa nondo. Funguo walimpiga nondo hiyohiyo magotini na mgongoni mpaka akaacha kupiga kelele. Ameniambia mwenyewe kwamba hakuacha kwa ushujaa, bali kwa kuishiwa.

Yule mwenye mguu mbovu hakugusa nyaya. Alikuwa anazunguka na panga anauliza, "Yuko wapi anayekoroma?" Spika alimsikia. Aliukata utepe kwa meno, akaja, akamdaka mkono wenye panga juu ya kiwiko. Nilisikia mfupa. Panga lilianguka. Wenzake walipoona hivyo wakarukia pikapu wakamwacha. Jamaa tulikuwa tumeshampata, daktari. Alikuwa chini, analia, mbwa amemshikilia, polisi wameshaitwa. Nilikuwa napiga kelele, "Shika! Shika!"

Hapo ndugu yako akapiga magoti, akaingiza vidole nyuma ya meno ya mbwa, akalifungua taya kwa mikono yake. Mwizi akanyanyuka. Akachomoa kisu kiunoni kwa mkono uliobaki. Mimi ndiye niliyekuwa njiani, akanichoma chini ya kwapa, akachechemea nje kupitia geti lililong'olewa. Nikiwa chini nilimwona ndugu yako akimbeba mbwa kwenda kwenye lori, akamwambia dereva akimbize. Mimi nilibebwa na wapakiaji kwenye mkokoteni.

Polisi wamemchukua ndugu yako. Tajiri amewaambia huyu ndiye mtu wa ndani aliyekuwa akitafutwa, kwamba alimtoa mbwa getini na kumwachia mwizi kwa makubaliano. Wamekuja hapa kuniuliza kama nami naona hivyo. Nimewaambia watapata jibu nikipata pumzi.

Sasa nakuuliza wewe, kwa kuwa mbwa yuko kwako. Alikuwa anakufa kweli? Nimefundisha mbwa tangu sijaota ndevu. Nimeona mbwa wanakufa kwa sumu, kwa risasi, kwa magari. Sijawahi kuona mbwa anayekufa kwa kuuma. Usinifiche kwa sababu ni ndugu yako.

Kocha


Mahabusu, 5 Machi

Dada,

Alifika? Hakuna anayeniambia. Nilimpakia akiwa bado ana joto, basi.

Askari mmoja amenikubalia hiki kipande cha karatasi. Wananipiga kwenye mkono ulioshonwa. Wanataka niwataje wenzangu. Nimemtaja mbwa, wakaona nawatania, wakaanza upya. Nyuzi za mpishi zimeachia zote, kwa hiyo hilo la vidole kufa ganzi tulisahau kwa sasa.

Nataka ujue kutoka kwangu jinsi ilivyokuwa. Spika alimshika na hakutaka kuachia. Alikuwa anavuta hewa pembeni ya mkono wa yule mtu, pamoja na damu. Nilisikia mlio unapanda, unakuwa mwembamba, kisha ukakoma. Macho yako wazi, meno yamekaza, kifua kinapanda na kushuka bure. Ulimi ulikuwa rangi ya wino. Kocha anapiga kelele ashike. Nilijua akishika kidogo tu zaidi atakufa akiwa ameshika, na wao wangemsifu.

Nikamfungua taya. Nikamshika ulimi.

Jambo lenyewe ni hili. Nilimwona mwizi akinyanyuka. Nilikiona kisu. Nilimwona Kocha yuko njiani, na hakuwa ameshika kitu. Ningeweza kumkamata yule mtu mguu, alipita karibu yangu. Mikono yangu ilikuwa kwenye ulimi wa mbwa na niliiacha hukohuko. Mtu akikwambia sikuona, usimkubalie. Nikiulizwa mahakamani nitasema niliona.

Kocha amekufa?

Mdogo wako


Kliniki, 8 Machi

Kocha,

Pole kwa maumivu. Barua yako nimeisoma, pamoja na nyingine ambayo si yako.

Umeniuliza kama mbwa alikuwa anakufa. Ndiyo. Alifika hapa hajitambui. Nilipomfungua mdomo, njia ya hewa ilikuwa imebaki upenyo usiopitisha hata kalamu ya risasi, na nyama za pembeni zimevimba kwa kufyonzwa. Nilimwingiza mrija kooni, ukatoa povu lenye damu. Sehemu ya damu ilikuwa ya mwizi, sehemu ilikuwa yake mwenyewe. Mbwa anapovuta hewa kwa nguvu namna ile kwenye njia iliyoziba, mapafu yenyewe hujaa maji. Taya lingeendelea kufungwa kwa muda wa wewe kusema "shika" mara chache zaidi, ningepokea mzoga. Hayo nitayasema kwa kiapo mbele ya yeyote.

Mambo mengine mawili. Aliyemwagiza ndugu yangu amtoe mbwa getini ni mimi, kwa maandishi. Polisi nimewapelekea nakala. Na sauti ile mliyoipigia makofi ndiyo iliyokuwa dalili ya kwanza. Mlimpa mnyororo alipohitaji kuvuliwa, na mkamkimbiza juani alipohitaji kulala. Hukujua. Sasa unajua, na mbwa wengine yadini ni wako.

Sikuelezi kukosa hewa kunavyokuwa. Kwa sasa wewe unakujua kuliko mimi.

Hukuniuliza kingine, kwa hiyo sijibu kingine.

Spika bado yuko kwenye oksijeni na dawa ya kumtuliza. Mapafu yakikauka nitampasua. Naweza kumpoteza.

Daktari


Hospitali, 12 Machi

Daktari,

Mrija umetolewa leo. Polisi walikuja asubuhi.

Nimewaambia mbwa alikuwa anakufa na kwamba mkufunzi yeyote mwenye akili angefungua taya. Hilo la pili linanihusu mimi, lakini hawakuuliza. Nimewaambia pia mtu wa ndani hakatwi mkono na wezi haohao anaowapa habari. Wakauliza kama kijana aliona mwizi akinyanyuka na kisu. Nimesema alikuwa amenipa mgongo.

Hakuwa amenipa mgongo. Tulitazamana.

Nimeshatia sahihi. Usimwambie. Sijamsamehe, na akirudi yadini nitamwambia hivyo usoni na kumrudishia kile kichwa cha pua. Lakini hilo ni letu sisi, halimhusu askari.

Kuna mbwa wa pili ambaye wameanza kusema amekomaa. Nimetuma neno avuliwe mnyororo na aletwe kwako na lori.

Kocha


Kliniki, 14 Machi

Mdogo wangu,

Kocha hajafa.

Spika nilimpasua jana. Nimeushona mlango wa kushoto, uko wazi na hautafunga tena. Kwa hiyo atalindwa maisha yake yote: chakula cha mabonge laini, aking'ang'ania kula haraka ananyang'anywa, na asiingie kwenye maji hata ya kina cha goti, kwa sababu yakiingia kooni hakuna cha kuyazuia. Nimonia ndiyo itakayokuwa ikimwinda sasa. Kubweka hakuna tena, anatoa upepo tu. Tajiri amesema mbwa asiye na sauti hana kazi naye. Nimemwambia aandike hivyo na atie sahihi, naye ameandika. Ni wako.

Usiku wa kwanza sikuzoea. Mbwa niliyempokea ulikuwa unamsikia akiwa chumba cha tatu. Huyu analala na huwezi kujua kama yupo. Mara nyingi nimeinuka nikaenda kumwekea mkono ubavuni, nikakuta unapanda na kushuka bila haraka. Fizi ni za waridi. Asubuhi alimng'ata msaidizi wangu kidole, si kwa ubaya, alikuwa anamvua bandeji.

Kesho watakupeleka mbele ya mkuu wa kituo na watakusomea maelezo ya Kocha kabla ya kukuachia. Dereva atakuwa nje. Njoo moja kwa moja kwangu na huo mkono.

Wakikusomea, kuna sentensi moja utataka kuisahihisha. Nakujua. Ndugu yangu, usiisahihishe.

Dada